Nilivyozunguka na mbunge aliyeangushwa kuwauliza watu kwa nini walimnyima kura

Habari za humu wakuu.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Lakini wiki hii nimeona nyuzi kadhaa za kuwacheka wabunge waliopigwa chini kwenye kura za maoni za ndani ya vyama, nikaona na mimi nilete niliyonayo.

Nitasimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo. Majina nimebadilisha, jimbo sitalitaja, na atakayelitambua namuomba abaki nalo moyoni.

Vyama tuviweke pembeni kabisa. Huu uzi sio wa vyama.

Twende.

Mimi ni mtu wa Njombe. Dodoma nililetwa na chuo, pale Chimwaga. Nilipomaliza nikagoma kurudi nyumbani, nikawa nahangaika na vibarua vya hapa na pale mpaka rafiki yangu mmoja akaniunganisha na mbunge mama aliyekuwa anatafuta msaidizi wa ofisi.

Nitamwita Mama Zaina.

Mama Zaina ni Msandawe, wa upande ule wa Kondoa na Chemba. Kwa msiowajua, Wasandawe wana lugha yenye sauti za kugonga ulimi, ukiisikia mara ya kwanza unaweza kudhani mtu anaita kuku. Nimekaa naye miaka yote ile na sijaambulia hata salamu yake vizuri.

Kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa sekondari. Aligombea mara ya kwanza akaanguka vibaya, akarudi darasani kama vile hakuna kilichotokea. Uchaguzi uliofuata akarudi tena, akapita. Na uliofuata akapita tena.

Nilichompendea boss wangu ni kwamba alikuwa anafanya kazi. Wapo wabunge wa kupiga picha na wapo wa kufuatilia. Huyu alikuwa wa kufuatilia. Akipata jibu la waziri anarudi nalo ofisini, analisoma upya, anachora mstari chini ya kila neno lisiloeleweka, kesho yake anamvizia mtaalamu wa wizara kwenye korido.

Kilio kikubwa cha jimbo lile kilikuwa maji. Kata moja hasa, wanawake walikuwa wanachimba mchanga kwenye korongo kavu na kusubiri maji yajikusanye, huku ng'ombe nao wamepanga foleni nyuma yao. Mama Zaina aling'ang'ania kata ile awamu nzima ya kwanza na sehemu ya pili. Mwisho kisima kikachimbwa, tenki likajengwa, vituo vya kuchotea vikawekwa kila kitongoji.

Siku ya uzinduzi nilikuwepo. Walimbeba juu juu. Mimi mwenyewe nilitoka machozi na sio jimbo langu.

Ilikuwepo kata nyingine, ya mbali, kule pori linakoanza, watu wa mizinga ya asali na mtama kidogo. Hiyo hakuwahi kuipatia kitu cha maana. Zahanati iliishia kwenye msingi. Umeme haukufika. Barabara yake mimi naiita barabara kwa heshima tu.

Sasa kura za maoni zikaja.

Alianguka. Kijana mmoja mfanyabiashara ndiye aliyemshinda, na hakumshinda kwa kubahatisha.

Lakini kilichotuacha midomo wazi ni mpangilio wa kura. Kata ya maji ilimnyima. Yaani walewale waliombeba mabegani walimweka nyuma ya watu wengine wawili. Na ile kata ya asali, ambayo hakuipa hata bomba, ilimpa kura karibu zote.

Tulikuwa nyumbani kwake Dodoma matokeo yalipokamilika. Ndugu na marafiki wa kisiasa walikuwa wamejaa sebuleni, kila mmoja na lake. Wengi walisema amehujumiwa, amechezewa, watu wamenunuliwa. Mimi pia nilisema hivyo.

Mama Zaina alisikiliza wote, akasema, "Inawezekana. Lakini kama ni kununuliwa, mbona hawa wa kata ya asali hawakununulika? Ndio wana shida kuliko wote."

Kabla ya hapo simu yake ilikuwa hailali. Baada ya wiki hiyo ikawa kimya kiasi kwamba alinituma kuangalia kama laini bado iko hewani. Alisema anatania.

Uchaguzi mkuu ukapita, mbunge mpya akaapishwa, mimi nikapata kazi ya mkataba kwenye duka la vifaa vya ofisi. Mwaka uliofuata, Jumamosi moja, Mama Zaina akanipigia.

"Festo, Jumatatu una nafasi?"

"Nitaomba ruhusa, Mheshimiwa. Kuna nini?"

"Acha Mheshimiwa. Nataka uniendeshe tukawaulize."

"Tukawaulize nini?"

"Kwa nini walininyima. Mimi nimefikiri mpaka nimechoka, bora nikawaulize wenyewe."

Mumewe hakupenda kabisa. Nilimsikia kwa masikio yangu siku ya safari akisema, "Watasema umeanza kampeni. Au watasema umechanganyikiwa." Mama Zaina akajibu, "Basi nikirudi utaniambia lipi limevuma zaidi." Akapanda gari.

Tukakamata njia ya kaskazini asubuhi, lami mpaka mahali tunapokata kuingia ndani, halafu vumbi. Ulikuwa msimu wa kiangazi, alizeti zimeshavunwa, mashamba yamebaki mabua.

Tulianzia kata ya maji.

Wakuu, kama mnataka kuona watu waliojaa upendo, nendeni na mtu aliyeanguka akawaulize wapiga kura wake. Kila nyumba tuliyoingia, "Mama, sisi hapa tulikupa wewe." Mgahawani, "Mama, sisi tulikupa." Mtu wa bodaboda alisimamisha pikipiki akashuka kabisa kuja kusema, "Shikamoo Mama. Mimi kura yangu unaijua."

Mchana tukakaa kwenye gari tunakula mihogo ya kuchemsha. Akaniambia, "Festo, kwa hawa tuliowasikia leo, mimi ndiye mbunge."

Tulicheka. Ila niliona amekata tamaa. Nikamshauri turudi.

Akasema, "Tunauliza vibaya. Nani atamwambia mtu usoni kwamba nilikukataa? Hata mwanafunzi ukimuuliza kwa nini umefeli hakuambii."

Alasiri akabadilisha swali. Akaenda kwenye kituo cha maji, wanawake wako na ndoo zao, akasalimia, akasaidia kushika ndoo moja, halafu akauliza kama mtu anayepiga soga tu, "Huyu mbunge wenu mpya, mlimpendea nini?"

Hapo ndipo midomo ilipofunguka.

Aliyeongea zaidi ni mama mmoja, nitamwita Bi Hawa, mwanachama wa chama wa siku nyingi, mtu wa sauti ya juu. Alisema, "Yule alikuja akatuuliza tunataka nini. Tukamwambia barabara ya kwenda hospitali. Mwaka ule mkwe wangu alijifungulia njiani juu ya mkokoteni, mtoto hakukaa."

Mama Zaina akasema, "Pole sana dada. Mimi hilo sikuambiwa."

"Ungeambiwa saa ngapi? Wewe ulikuwa unakuja na maji."

"Maji si mliyataka?"

"Tuliyataka, na tunakushukuru. Tunakunywa, tunafua, tunakuombea. Lakini kila mkutano ukisimama ni maji. Unaanza na maji, unamaliza na maji. Sisi tulikuwa tumeshamaliza kuyashangaa."

Wanawake wakacheka. Mama Zaina naye akacheka, lakini niliona mkono wake bado umeshika ile ndoo iliyokwisha kujaa, maji yanamwagikia viatu.

Bi Hawa hakuwa na chuki hata kidogo. Ndicho kilichonishangaza. Alimkaribisha kwake, akatupa uji wa uwele, akamuonyesha na kaburi la mjukuu nyuma ya nyumba. Kwake kumnyima kura na kumpenda vilikuwa vitu viwili ambavyo havigombani.

Tulilala kwa ndugu yake mmoja kijiji cha jirani. Kesho yake tukaenda kata ya asali.

Huko sikuambulia mengi kwa sababu mazungumzo yalikuwa Kisandawe. Tulikuta bwana mmoja wa makamo anakamua asali nyumbani kwake na mkewe. Mama Zaina akaketi kwenye kigoda, wakaanza. Mimi nikabaki kusoma sura tu, kama mtu anayetazama mpira bila sauti.

Kwanza walikuwa wanataniana. Halafu mke wa yule bwana akasema kitu kirefu, taratibu, anaonyesha kwa kidole upande wa ule msingi wa zahanati. Mama Zaina akainama. Akauliza kitu kifupi. Yule mama akajibu, akarudi kwenye asali yake.

Tulipoondoka nikaendesha mpaka uvumilivu ukaniishia.

"Mama, walisema nini?"

"Nimewauliza walinipa kura kwa lipi, maana sikuwafanyia kitu. Yule mama ananiambia, unakumbuka ulikuja mwaka ule wa mwisho, gari likakwama, ukafika kwa miguu na matope mpaka magotini? Hukuitisha hata mkutano. Ulipita nyumba kwa nyumba ukasema nimeiomba zahanati yenu, nimekataliwa, sijui nifanye nini zaidi."

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Siku ile niliondoka nikijua nimewapoteza." Akatazama nje ya dirisha. "Anasema walikaa wakazungumza. Wakaona mtu anayekuja kwa miguu kusema ameshindwa, huyo atarudi tena. Mwingine angesubiri mpaka apate kitu cha kujisifia, na sisi tungezeeka tunamsubiri."

Nikabadilisha gia.

Sasa wakuu, hapa kuna jambo ambalo watu wengi walioko kwenye siasa nikiwasimulia hawaniamini.

Tuliporudi mjini, Mama Zaina alimpigia simu yule kijana aliyemshinda. Sikuwepo walipoongea, ila alinisimulia. Alimwambia habari ya barabara ya hospitali, na ya mkwe wa Bi Hawa. Alimwambia mtaalamu gani wa kumfuata na swali liandikwe vipi lisipigwe danadana.

Kijana akashtuka. Alidhani ni mtego. Alituma mtu wake kuja kunichunguza mimi dukani, eti nimwambie Mama ana mpango gani. Nikamwambia nenda kwenye kituo cha maji ukaulize. Nadhani walienda, kwa sababu baada ya muda kijana alipiga simu mwenyewe akaomba wakutane.

Mkutano wa Bunge uliofuata, swali la barabara likapangwa. Kijana akaleta wageni kutoka jimboni, basi moja la watu, wakiwemo wanawake wa kata ya maji. Na akamwalika Mama Zaina. Mumewe akasema asiende, ni kujidhalilisha. Akaenda. Akaniomba nimsindikize.

Tulikaa juu kwenye jukwaa la wageni. Alikuwa upande wa kulia wa Bi Hawa, mimi nyuma yao. Walipotambulishwa wageni akatajwa naye kama mbunge mstaafu, wabunge wakapiga meza. Alisimama akainamisha kichwa kidogo, akaketi.

Kijana akauliza swali lake vizuri, lilikuwa limepangwa. Naibu waziri akasimama kujibu. Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo. Tathmini imefanyika. Itaingizwa kwenye mpango kulingana na upatikanaji wa fedha. Swali la nyongeza likajibiwa karibu vilevile.

Bi Hawa akamuinamia Mama Zaina. "Amesema ndiyo au hapana?"

"Amesema bado."

"Maneno yote yale ni bado?"

"Ndiyo."

Bi Hawa akatazama chini kule ukumbini. Halafu akauliza, "Na wewe ulikuwa unajibiwa hivihivi?"

"Miaka yote."

"Hata maji?"

"Maji ndiyo usiseme."

"Sasa mbona hukuwahi kutuambia?"

Chini walishahamia swali la mtu mwingine. Mama Zaina akasema kwa sauti ndogo sana, ningekuwa mbali nisingeisikia, "Niliogopa mtaona sifanyi kazi."

Bi Hawa alimshika mkono, akaupakata mapajani mwake, wakakaa hivyo mpaka kipindi cha maswali kikaisha.

Ndiyo hivyo wakuu.

Barabara ilipitishiwa greda, mvua ikala kipande, kijana anaendelea kuifuatilia na simpi lawama. Mama Zaina amerudi kufundisha, shule binafsi. Kila mtu anamuuliza kama atagombea tena. Mimi pia nilimuuliza, akaniambia bado, na akacheka mwenyewe.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nafikiri mpiga kura anahesabu ulichomletea. Wapo wanaohesabu hivyo. Lakini wapo wanaotaka tu kujua mambo yamefikia wapi, hata kama hayajafika popote. Na sijui kwa nini kulisema hilo kunawatisha sana watu wenye vyeo.

Hayo ni ya kwangu, nimeona kwenye jimbo moja tu. Nyie mlioko majimboni, mlioshika ofisi za wabunge, au mliowahi kumnyima kura mtu mnayempenda, naombeni mnieleze mlifikiria nini siku ile. Matusi wekeni uzi mwingine, hapa nataka kuelewa.

Na kuna mtu ataandika "weka picha". Siweki.