Pilau ya Timu Iliyoshindwa

Mwaka ule ndio kisamvu kilipopotea madukani Tensta, huku kwa Waswidi. Tulikula spinachi ya kugandishwa, tukaiunga kwa karanga na kujidanganya. Mama Mkongo mwenye duka alikuwa ananiwahi kabla sijavuka mlango, "Mama, sombe haiko," maana kwao kisamvu ni sombe, nami namjibu, "Basi nipe hayo majani yako ya sungura." Na mwaka huohuo ndio walipomleta kocha mpya kutoka Amerika, na timu ya mjukuu wangu ikashindwa tangu theluji ilipoyeyuka hadi majani yalipoanza kudondoka.

Mjukuu wangu anacheza mpira wa Kimarekani. Si huu wa miguu. Mpira wenyewe umekaa kama papai changa, wanaukumbatia na kukimbia nao. Wanainama, wanagongana, firimbi inalia, wanasimama, wanainama tena, kama watu wanaosukuma kabati mlangoni nalo limekataa kupita. Kazi yake ni kuzuia: anaziba njia ili adui wasimfikie mrusha mpira. Hashiki mpira yeye, wala watu hawaimbi jina lake. Lakini bila yeye yule mrushaji angeshakuwa chapati. Nimemlea mimi tangu ana miaka sita, alfajiri nikipiga deki madarasa ya watu, jioni nikimsongea ugali, na nikimwona anaingia uwanjani na yale mabega, najua ugali wangu ulikwenda wapi. Watu wakiniuliza wangu ni yupi, nawaambia, yule anayekuzibia jua.

Kocha klabu ilimpangishia nyumba Rissne tunakokaa, jengo letu, ghorofa moja juu yangu. Mtu mrefu, amepita arobaini, mpole. Sauti yake kubwa aliiacha uwanjani. Wiki ya kwanza tulikutana kwenye lifti, yeye, mimi na mjukuu wangu. Alisema Kiingereza, mjukuu akanigeuzia kwa Kiswidi, mimi nikajibu kwa Kiswahili, na lifti ikafika juu hatujamaliza salamu. Lakini nilichoelewa nilikielewa vizuri. Mkataba wake ulikuwa wa msimu mmoja. Timu ikifanya vizuri, unaongezwa, na mkewe na binti yao mdogo wanahamia kwake. Ikifanya vibaya, anarudi kwao. Akaniuliza watoto wa hapa wanavaa nini Januari. Nikamwonyesha kwa mikono: hiki, juu yake hiki, juu yake hiki tena, mpaka mtoto asiweze kukunja viwiko. Alikuwa ananitazama kama anayeandika.

Mechi ya kwanza walishindwa. Nilikuwepo jukwaani na thermosi yangu ya chai. Niliwaona wakitoka vichwa chini, hakuna anayesema na mwenzake, na kocha nyuma kabisa peke yake. Mimi sikusoma, niliishia darasa la nne, lakini sura ya msiba naijua. Kwetu Tanga mtu akifikwa haachwi awashe moto mwenyewe. Nikarudi nyumbani, nikapika pilau, nikamshurutisha mjukuu wangu tukapanda ngazi na sufuria.

"Pole sana, baba," nikamwambia kocha mlangoni.

Akaitazama sufuria, akanitazama mimi na mtandio wangu, akamnong'oneza mjukuu wangu.

"Bibi, anauliza nani amekufa."

"Mwambie timu."

Kocha alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Kisha akala, amesimama, kwa kijiko kikubwa cha kupakulia, kwa sababu kwake hakukuwa na kijiko kingine.

Kesho yake akarudisha sufuria. Imesuguliwa inameta, na ndani hamna kitu. Nilimwita mjukuu wangu jikoni. "Huyu hakufundwa? Chombo cha watu kinarudi kitupu?"

"Bibi, yeye si Mswahili."

"Tumbo lake limekuwa la Kiswahili tangu jana. Kamwambie."

Alimwambia. Mara ya pili sufuria ilirudi na vikate vya maziwa na mayai, vinene kama sponji, vitamu kama dawa ya kikohozi. Nilikula viwili kwa heshima. Tangu hapo hakurudisha sufuria yangu tupu hata mara moja.

Wachezaji nao wakasikia. Waliposhindwa tena nilibeba sufuria kubwa ya harusi mpaka vyumba vya kubadilishia nguo, mimi nimeshika sikio moja, mjukuu wangu la pili. Ikawa ndiyo desturi: wameshindwa, pilau, na jioni sufuria ndogo inapanda kwa kocha. Majitu yale yamejaa jasho na bandeji, yamekaa sakafuni yanakula kwa mkono kwa sababu mimi sikubeba vijiko, na kocha katikati yao. Siku moja mkubwa wa klabu, Mswidi mmoja nadhifu mwenye viatu vyeupe, akanivuta pembeni.

"Bibi, unawazoesha kushindwa."

"Wakishinda pia nitapika. Washinde basi."

Hawakushinda. Kocha alikuja na kitabu kinene cha mipango, kila mpango una namba yake, na mjukuu wangu alikuwa akikikariri mezani kwangu huku anameza chai, akitoka kazini kwake kwenye nyaya za umeme. Uwanjani mmoja anakumbuka mpango huu, mwenzake anakumbuka ule, wanagongana wao kwa wao. Hata mimi nililiona. Nikamtuma mjukuu wangu juu. "Mwambie, mpishi mgeni akiingia jikoni kwa watu anaanza na wali mweupe. Biriani baadaye."

Alikaa huko kidogo, akashuka.

"Anasema ni kweli. Anasema akiwa na misimu miwili ataanza na wali. Huu mmoja hana muda."

Mtu anayepika huku anachungulia dirishani kama watu wake wamefika, chakula chake kitaungua tu.

Katikati ya msimu mjukuu wangu alianza kumchukia kocha. Hakutaka tena kupanda na sufuria. Alikuwa ananijibu kwa Kiswidi kitupu, ndivyo anavyofanya akiwa na hasira.

"Uko upande wa nani, bibi?"

"Upande wa aliyeshindwa."

"Sote tumeshindwa!"

"Basi sahani zile pale. Pakua."

Akapakua. Lakini juu nilipanda peke yangu, magoti haya haya, kwa kuwa lifti nayo ilikuwa imeharibika.

Kabla ya mechi ya mwisho mkubwa wa klabu alitangaza kwamba kocha akishinda hiyo, watakaa chini wazungumze. Hakusema watamwongezea mkataba, alisema watazungumza. Kocha aliponikuta chini kwenye masanduku ya barua alininyooshea kidole kimoja juu: moja tu, bibi. Siku ya mechi walicheza kama watu. Sijawahi kuwaona vile. Walikuwa wanaongoza, jua lipo, mimi nimesimama juu ya kiti na viatu vyangu, na mama wa pembeni ananishika sketi nisianguke. Zimebaki dakika chache. Wakainama, mpira ukatolewa, na mjukuu wangu, damu yangu, yule anayeziba jua, akateleza. Adui akapita palepale alipokuwa. Akamfikia mrushaji akamtandika, mpira ukadondoka, wakauokota wao wakakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja. Ikawa basi.

Sitamtetea. Aliteleza. Mimi nasema yaliyokuwepo.

Lakini baadaye kwenye chumba cha kubadilishia, nimeshika sufuria mlangoni, nilimsikia kocha akiongea, na mrushaji akinigeuzia kwa Kiswidi polepole. Alisema mpango ule aliuchagua yeye. Alisema nyasi zilikuwa bado zimelowa upande ule wa kivuli, aliona, na bado akamweka pale mtu mzito kuliko wote. Kosa lake. Asitazamwe mwingine. Mjukuu wangu alikuwa amekaa na kofia yake ngumu mapajani, hajainua kichwa. Mtu ambaye ndiyo kwanza amepoteza nafasi ya kuletewa mwanawe, akasimama mbele ya watu akauchukua mzigo wa mtoto wangu akajitwisha. Niliweka sufuria chini.

Jioni ile mjukuu wangu ndiye aliyepeleka chakula juu. Hakuniambia nimsindikize. Alikaa huko muda mrefu.

Wiki ikaisha hawajazungumza na kocha chochote. Walimpa barua. Ndege yake ilikuwa Jumapili. Ijumaa mchana mkubwa wa klabu akaja kwangu mwenyewe, akavua viatu vyake vyeupe mlangoni, akakaa mezani. Mjukuu wangu alikuwa anakula. Habari njema, akasema. Kocha mwingine amepatikana, anaingia kesho. Kesho hiyohiyo watamfanyia karamu ukumbini, wachezaji wote, wadhamini wote, na kila mtu anaulizia pilau ya bibi.

Juu yetu tulikuwa tunasikia utepe wa kufungia maboksi, krrr, unakatwa, krrr tena.

"Yule bado yuko juu," nikasema.

"Anaondoka keshokutwa."

"Basi bado yupo."

Akatabasamu. "Bibi, ni chakula tu."

Kiswidi changu ni cha ndoo na fagio, lakini hili nililisema lote, na taratibu. "Simkaribishi mtu kwenye kiti ambacho hakijapoa."

Alicheka. Alidhani ni mzaha wa kizee. Akasema sawa, basi sufuria ndogo. Au zile sambusa. Au nije tu nikae meza ya mbele, nipigwe picha na kocha mpya. Akamgeukia mjukuu wangu amsaidie. Mjukuu wangu aliacha kutafuna, akamtazama, akanitazama mimi, kisha akaniambia kwa Kiswahili, kile chake cha kubahatisha, "Bibi, mwambie tena. Hajasikia."

Nikamwambia tena.

"Simkaribishi mtu kwenye kiti ambacho hakijapoa."