Mistari Inayojazwa Kutoka Komanda

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Domitille anafunua kompyuta iliyolala chini ya kitenge. Vumbi la Bunia, mashariki mwa Kongo, huingia ofisini bila hodi wala foleni. Anaipangusa, anaweka modemu dirishani, kisha anafungua daftari la mwaka 2003 taratibu, kama anayemfungua mgonjwa bendeji.

Kurasa bado zinanuka moshi.

Domitille, mwenye miaka 39, ni karani wa vizazi. Hupiga picha kila ukurasa, huandika majina, na huyatuma kwenye hifadhi ya serikali iliyo mbali, ambako makarani wa Bunia, Komanda na Mahagi hufungua ukurasa uleule kwa wakati mmoja. Umeme ukiona huruma, saa nne kwa siku, anamaliza mistari themanini.

Mzee Gustave, karani mstaafu, huja kila asubuhi kukagua kazi ambayo hakuna aliyemwomba aikague. Wakati wa vita alizika madaftari ndani ya sanduku la bati, chini ya banda la kuku.

"Miye niliyaficha chini ya kuku," anasema. "Weye unayaficha wapi?"

"Mbali, papa."

"Mbali wapi?"

"Hata miye sipajui."

Mzee anacheka mpaka anakohoa. "Basi weye ulificha muzuri kunipita!"

Kati ya madaftari 214, yaliungua 61. Yaliyopona yana jeraha jingine. Miaka ile jina la ukoo lilitangaza kabila lako kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo wazazi walitaja jina la ubatizo tu, na mahali pa jina la ukoo karani alipiga mstari mfupi. Iko mistari 1,640. Kompyuta, ambayo haikukimbia vita vyovyote, inadai jina kamili. Ikiona mstari, kisanduku kinageuka chekundu na cheti hakitoki.

"Binti yangu Priscille eko mule mule," Domitille anasema. "Nilikimbilia Komanda na tumbo. Niliulizwa jina, nikasema Priscille, nikanyamaza."

Leo, Jumatano, kuna mama mwingine mbele yake. Lucienne alikimbia kijiji cha Bogoro akiwa mjamzito, akajifungulia Komanda. Mtoto wake, Bénédicte, amepata nafasi kwenye shule ya uuguzi. Orodha inafungwa Ijumaa. Bila cheti, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Mama Lucienne, niambie jina," Domitille anamwomba.

Lucienne anatazama mlango. "Batu bote bataliona?"

"Hapana, mama. Mwisho wa mwezi batu bote banaona hesabu tu: batoto ngapi balizaliwa, na wapi. Majina inafungiwa na kifungulio, makarani tu banafungua."

"Na vita ikirudia?"

Domitille anageuka kutoka kwenye kompyuta, anamtazama Lucienne.

"Sijue, mama. Lakini vendredi, siku orodha inafungwa, ninaijua."

Lucienne anainama, anamnong'oneza sikioni. Domitille haandiki kitu. Sheria inataka ushahidi wa pili. Anampigia Josaphat, karani wa Komanda, ambaye kabatini ana daftari la wodi ya wazazi.

"Josa, tafuta Bénédicte, mwezi wa tatu. Mama yake Lucienne."

"Ngoja kwanza. Mkunga ule aliandika kama kuku anaparua!"

Dakika kumi na moja zinapita. Halafu, ndani ya kisanduku chekundu, bila mtu kugusa kibodi, inatokea herufi. Kisha ya pili. Kilomita sabini na tano za matope na vizuizi, na herufi zinakuja moja moja kama watu wanaorudi nyumbani.

Lucienne ameshika meza. "Nani anaandika?"

"Josaphat. Eko Komanda."

"Na mikono yake iko wapi?"

Mkunga hakuwa ameficha. Aliandika jina zima kwa penseli, pembeni mwa uzito wa mtoto: kilo mbili na nusu. Ni lile lile lililonong'onwa. Hatulichapishi hapa, lina wenyewe.

Kisanduku kinakuwa kijani. Mzee Gustave anavua kofia. Kufikia saa nane mkuu wa ofisi ametia saini, na Lucienne anabeba cheti kwa mikono miwili, kama anabeba maji.

Imebaki mistari 1,639. Domitille anataka kuimaliza kabla ya mwaka ujao wa masomo.

"Na ule wa Priscille?" Mzee Gustave anachokoza. "Ama unaungojea uote majani?"

Domitille anavuta kiti. Anarudi kwenye kurasa za Komanda, mpaka mwezi wa tano, na kumpigia tena Josaphat. Anamtajia jina zima la binti yake, kwa sauti, mlango ukiwa wazi.

Karani haruhusiwi kujaza mstari wa mtoto wake. Anaondoa mikono kwenye kibodi, anaikunja kifuani, anangojea Komanda.