Mwaka wa Zuwena Kwenye Majaruba

Zuwena alikuwa mwaka wa tatu akisomea utabibu wa viungo pale ada ilipopanda na mkopo wa serikali ukabaki palepale. Pengo lilikuwa milioni moja na laki mbili. Mama yake, Fatu, alikuwa kibarua kwenye majaruba ya chumvi karibu na Kaole, na alichopata kwa siku kilitosha unga na mboga tu. Zuwena akaandika barua ya kuahirisha masomo, akarudi nyumbani, akashika reki kando ya mama yake.

Asubuhi maji ya jaruba hutulia, mbingu yote imo ndani yake. Zuwena alitembea humo kama anayekanyaga mawingu, chumvi ikimwasha miguu, akitaja mifupa asije akaisahau: ya kiganja, ya nyonga, ya unyayo. Wanawake wenzake wakawa wanaitikia kama kaswida. Kuna nyakati hakujua kama yuko macho au anaota.

"Na hiki changu kinaitwaje?" aliuliza Bi Adila, akishika goti.

"Kilegesambwa, bibi."

Bi Adila alikuwa mjane, nyumba yake ya makuti ilivuja kila pembe. Mwezi wa nane zamu ya upatu ilimfikia yeye, naye alishachagua bati dukani. Lakini siku ya kupokea, alimsukumia Fatu fedha zote.

"Mtoto arudi chuo."

"Na bati, dada?"

"Nimelala chini ya makuti miaka thelathini. Sijayeyuka."

Fatu alilia. Zuwena akarudi chuo. Masika yaliyofuata, akiwa chuoni, kila mvua iliponyesha alijiona amesimama ndani ya nyumba ile, anakinga matone kwa viganja.

Alihitimu. Akajitolea hospitalini miaka miwili bila mshahara, kisha akaajiriwa Msata. Mshahara wa kwanza ulikuja umeshakatwa mkopo. Uliobaki ukaenda kwenye kodi, chakula na bati nne, alizozipeleka Kaole mwenyewe. Mwezi wa pili nne tena. Kufikia mwezi wa saba nyumba ilikuwa imeezekwa yote.

"Na lile deni la serikali?" Bi Adila aliuliza, wamekaa barazani.

"Bado miaka kumi na mmoja."

"Mingi."

"Mingi, bibi. Ila kuna siku namsimamisha mtu aliyekuwa hatembei, anapiga hatua mbili, tatu. Siku hiyo nasahau kabisa kama nadaiwa."