Nusu Chupa za Yusta

Yusta wa Katubuka hajawahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Alianza na beseni moja la dagaa mwaloni Kibirizi, soko la samaki la ufukweni. Leo anapeleka magunia Tabora kwa treni. Gunia likiwa ghali, huchanga na jirani yake Bibiana, wakagawana nusu kwa nusu.

Na dawa wakainunua hivyohivyo. Ella, binti yake Yusta mwenye miaka minne, alikuwa na homa na akilia kila akikojoa, na mtoto wa Bibiana vilevile. Wakachukua chupa moja dukani kwa Feliksi, wakaigawa. Siku ya tatu homa ikashuka, Yusta akajiona mjanja. Mwezi uliofuata homa ikarudi: dawa nyingine, kali zaidi, nusu. Ikarudi tena: ya tatu, nusu.

Safari ya nne Ella alitapika usiku kucha, mgongo ukimuuma. Hospitali wakampima, wakaotesha na mkojo maabara kuwatambua wadudu. Majibu yalipotoka, muuguzi Melania alimwita Yusta pembeni.

"Mama Ella, dawa zote tatu ulizompa nusunusu, wadudu wamekuwa sugu kwazo. Imebaki sindano, asubuhi na jioni, siku saba. Tukizembea, figo zinaharibika."

"Siku saba? Na dagaa wangu nani atawaanua? Fanya tatu, nesi."

"Hapa si mwaloni."

"Basi nne."

"Saba, mama."

Yusta akasonya. Maisha yake yote hajaona mtu asiyeshuka hata kidogo.

Siku ya nne wodini Ella aliamka anacheka, akamaliza samaki mzima wa mgebuka na ugali. Wingu lilikuwa limefunga upande wa Kongo, na dagaa wa gunia sita walikuwa juu ya chanja za kukaushia. Yusta akafunga kanga zake, akambeba mtoto mgongoni. Mlangoni akakutana na Melania.

"Mtoto kapona, nesi. Na hii nayo ikigoma siku nyingine, mtampa ipi?"

"Hapa hatuna nyingine."

Yusta akasimama. Ubishi wake wote ulitegemea kitu kimoja: kwamba ukikataa hapa, kuna meza ya pili. Muuzaji akibaki mmoja soko zima, unanyamaza na kuchukua anachokupa.

Akamrudisha Ella kitandani amenuna, akampigia Bibiana.

"Anua dagaa, mvua hiyo. Kisha umlete mwanao apimwe mkojo."

"Wangu mbona mzima, shoga?"

"Na wangu amekuwa mzima mara tatu. Mlete."