Nilimfundisha Mama wa Stoo Kompyuta Ili Asiijue

Sitazunguka. Nilimharibia kazi mwanamke aliye sawa na mama yangu mzazi, na siku zote hizo nilizokuwa namharibia nilikuwa namwita mama.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge hapa Tanga. Yeye nimwite Bi Zuhura, ingawa si jina lake. Alianza kutunza stoo ya vipuri kabla mimi sijamaliza shule, na nilipoajiriwa nikawekwa kuwa msaidizi wake. Fundi akija kutafuta beringi au mkanda wa mashine, Bi Zuhura hakuwa na haja ya kufungua daftari. Alinyoosha mkono tu, na kitu kipo.

Basi meneja akaleta kompyuta. Kila kipuri kinachoingia na kutoka kiandikwe humo, daftari mwisho. Akaniita pembeni.

"Mfundishe mama. Asipoweza kwa miezi mitatu, stoo utaishika wewe."

Angeishia hapo pa kumfundisha, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini simlaumu. Aliyeamua ni mimi.

Nilimfundisha vizuri. Kuwasha, kuandika jina la kipuri, kuandika idadi. Ila wakati wa kufunga, kompyuta ile huuliza kwa Kiingereza kama ihifadhi ulichoandika au ikitupe. Mimi nilimfundisha kubonyeza pa kutupa.

Jamani! Kila jioni Bi Zuhura anavaa miwani, anaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, saa nzima. Akimaliza anabonyeza nilipomwonyesha, anasema alhamdulillahi. Asubuhi akifungua, hakuna kitu.

"Mwanangu, jana si niliandika mimi?"

"Labda ulikosea mahali, mama."

"Basi nionyeshe tena."

Namwonyesha tena, palepale. Kiwanda kizima walinisifu kwa uvumilivu.

Miezi mitatu ikaisha. Meneja akafungua kompyuta akakuta patupu. Bi Zuhura akahamishiwa jikoni kuchemsha chai ya wafanyakazi. Funguo za stoo alinikabidhi yeye mwenyewe, akanishika mkono.

"Ahsante mwanangu, umenivumilia sana. Ni kichwa changu tu kimechoka."

Nikamwambia, "Usijali, mama." Wallahi nilisema hivyo!

Baada ya wiki chache mashine kubwa ikasimama. Fundi akaja mbio, anataka beringi. Kompyuta, niliyoijaza kwa kunakili daftari la zamani, ikasema zipo mbili. Haikusema zipo wapi. Nilitafuta hadi shati likalowa, mwishowe nikaenda jikoni kumwita Bi Zuhura. Akaja na kitambaa chake cha kushikia birika, akaingiza mkono nyuma ya makopo ya rangi, akaitoa.

"Hebu niiandike mwenyewe," akasema. "Nione kama nimesahau."

Akaandika. Fundi amesimama nyuma yake anasubiri. Alipofika mwisho akapeleka kidole kule nilikomfundisha.

"Mama! Mbona unaitupa?" fundi akasema. "Ukibonyeza hapo kazi yote inafutika. Nani kakufundisha hivyo?"

Bi Zuhura akageuka. Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayepiga hesabu. Kisha akarudi kwenye chai yake.

Siku mbili zikapita. Ya tatu akaniambia, "Jioni ukitoka, twende wote kwangu." Kwake ni Pongwe. Nikakuta wanawe wamekaa barazani, binti yake na kaka zake wawili.

"Waambie ulichonifanyia," akasema.

Nikawaambia. Nilimaliza upesi, maana ni jambo fupi.

Hakuna aliyenipiga. Binti yake aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kiberiti, akakiweka mapajani mwa mama yake. Akaanza kulia.

Sikuelewa. Kaka mkubwa ndiye aliyenieleza. Mama yao alikuwa amewaambia akili inampotea, kwamba anaandika vitu na asubuhi havipo. Wakampeleka hospitali. Wakamficha kiberiti asiwashe jiko la nyumbani peke yake. Wakamzuia kumbeba mjukuu. Na yeye alikubali yote, kwa sababu aliamini.

Ya Rabi! Mimi nilitaka stoo tu!

Kesho yake nikamwambia meneja ukweli. Akasema mfumo sasa unafanya kazi, nisimletee mambo ya nyuma. Bi Zuhura alikuja siku hiyo kuchukua kikombe chake na hakurudi tena. Kazi bado ninayo. Fundi yule akija dirishani anataja kipuri anachotaka, anachukua, anaondoka. Salamu hanipi, na wenzake siku hizi wanafanya vilevile.

Wewe uliyepewa mtu mzima umfundishe mashine mpya kazini, mfundishe mpaka mwisho. Kama unataka nafasi yake, mwambie usoni kwamba unaitaka, akutukane, yaishe. Usimwache aende nyumbani akaogope kumbeba mjukuu wake.