Mti Uliotoboa Jicho

Sista Richlinda aliletwa kwenye nyumba ya watawa kando ya mto Danubi angali mtoto, na tangu apewe brashi alichora miti tu kwenye vitabu vya sala. Nyuso za watakatifu zilikuwa kazi ya Sista Hadwiga. Miti ya Richlinda haikufanana na mti wowote wa msituni: shina limejisokota, juu yake vichwa vitatu vya mviringo kama uyoga. Ndivyo alivyofundishwa, na Mungu hakulalamika.

"Leo umepika uyoga gani, dada?" Hadwiga alimtania.

"Wa kukuziba mdomo."

Kijani chake kilitokana na kutu ya shaba iliyolowekwa kwenye siki. Kila mchoraji alijua: tia zafarani, la sivyo rangi itaitafuna ngozi ya kurasa. Lakini zafarani hufifisha kijani, na Richlinda alitaka mti wake wa Edeni ung'ae kuliko nyuso za mwenzake. Hakutia.

Kabla ya Kwaresima kikatokea kitundu upande wa pili wa ukurasa wa mti huo, katikati ya jicho la Bikira Maria, kazi ya Hadwiga.

"Wewe na kisu chako!" Mama Mkuu alifoka, maana Hadwiga hakuridhika na uso mpaka aukwangue na kuurudia. "Nenda ukafue, ukakwangue mashuka!"

Richlinda aligeuza ukurasa. Kitundu kilikuwa juu ya kichwa cha mti wake. Akakifunga kitabu. Aliona aibu, akaona hofu, na lililomuuma zaidi, aliona nafuu. Tangu hapo, kila Hadwiga alipopita na beseni, mikono imevimba kwa maji ya barafu na majivu, Richlinda aligeuza uso.

Wiki ya Pasaka alifungua kitabu tena. Tundu lilikuwa limepata vichwa vitatu, sawasawa na mti wake. Asubuhi, masista walipokusanyika kuungama makosa mbele ya wenzao, alilala kifudifudi sakafuni.

"Ni mti wangu, Mama. Sikutia zafarani. Nilijua, nikamwacha mwenzangu aumie."

Hadwiga akarudishwa siku ileile. Akashika brashi, ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Vidole havikukunjika.

"Basi kiraka kitiwe, na uso utauchora wewe," Mama Mkuu alimwambia Richlinda. "Hiyo ndiyo adhabu yako."

Richlinda aliketi mbele ya kiraka. Kando yake Hadwiga alivuta bakuli la kijani cha mti, akalikumbatia kwa viganja viwili, akaanza kukoroga.

"Chora, dada. Jicho lipandishe kidogo," alisema. "Zafarani nimeshatia."