Kamera Mbili na Sura Moja ya Baba

Jumamosi ile asubuhi nilimkuta baba amelala kifudifudi juu ya barafu, katikati ya mfereji, miguu imetawanyika.

Ana miaka sabini na sita.

Mtoto mwenye akili zake angepiga kelele. Mimi nilisimama nikaanza kutafuta kitufe cha kuwashia kamera.

Kabla hamjanitukana, nisikilizeni kwanza. Hii habari ilianzia dukani.

Naitwa Hiske. Kwetu ni kijiji kidogo cha Frisia, kaskazini mwa Uholanzi. Nyumba hazifiki tisini, na ng'ombe ni wengi kuliko watu. Baba yangu, Durk, alikuwa msimamizi wa barafu wa kijiji kwa miaka thelathini na moja. Mifereji ikiganda, hakuna anayekanyaga mpaka yeye atoboe kwa keekee, apime unene, aseme, "Haya, ingieni." Akisema bado, hata mwenyekiti wa chama cha barafu anarudi nyumbani na viatu vyake vya kuteleza mkononi.

Mwaka ule alikuwa anastaafu. Magoti yalishagoma.

Sasa, kwenye banda la chama cha barafu kuna ukuta wenye picha za wasimamizi wote waliopita. Wako saba. Kila mmoja yuko juu ya barafu, mashavu mekundu, anacheka. Baba angekuwa wa nane, na kazi ya kumpiga picha hiyo nilijitwika mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya wanachama wote.

Tatizo ni moja. Baba hapigiki picha.

Sio kwamba anakataa. Anasimama vizuri tu. Ila akiiona lenzi, uso unaganda kuliko mfereji. Nina picha zake za miaka kumi, na katika zote ana sura ya mtu anayesomewa hukumu. Harusi yangu, hukumu. Mjukuu kazaliwa, kapakatwa, hukumu.

Boukje, katibu wa chama, alishaniambia bila kupepesa macho.

"Hiske mwenzangu, Jumamosi jioni ikifika huna picha, natundika ile ya pasipoti."

Na mnajua kwenye picha ya pasipoti hairuhusiwi kucheka. Mtu ametulinda tusizame miaka thelathini na moja, halafu abaki ukutani kama anatafutwa na polisi! Iliniuma, sitadanganya.

Barafu ilishika Jumatano. Watabiri wa hali ya hewa wakasema Jumapili inayeyuka. Siku hizi barafu ya kweli kwetu inakuja mara moja kwa miaka kadhaa, na kwa magoti yale, hii ndiyo ilikuwa ya mwisho ya baba.

Alhamisi nikaenda mjini kwa Auke, muuza kamera. Baba akang'ang'ania tuongozane, eti keekee yake inataka ncha mpya.

Auke akaweka kamera mbili juu ya meza.

"Dada Hiske, zote hizi ni za wanaoanza. Hii ya zamani, ilitoka miaka tisa iliyopita, imetumika kidogo. Yuro mia mbili na kumi pamoja na lenzi. Hii nyingine imetoka juzi tu. Mia sita na tisini."

Ya zamani ilikuwa nyeusi, nene, unachungulia kwenye tundu. Kila ukibonyeza, kioo cha ndani kinaruka: klak! Ile mpya nyepesi kama kipande cha mkate. Kioo chake cha nyuma kinageuka, inatafuta macho ya mtu yenyewe, inatuma picha kwenye simu. Na ikipiga, kimya.

Nilisimama pale karibu saa nzima. Nashika hii, naweka. Nashika ile, naweka. Auke alishahudumia wateja watatu, wakaja, wakaondoka, mimi niko palepale.

Baba akachoka. "Chukua hii nene. Ukibonyeza inalia, unajua imefanya kazi."

"Baba, hiyo kelele ndiyo siitaki."

"Kwani unaenda kuiba?"

Auke akacheka. Mimi nikajifanya nasoma bei, maana ndiyo, nilikuwa naenda kuiba. Kuiba sura yake.

Nikamnong'oneza Auke, "Hii mpya haisikiki kabisa?"

"Hata paka hageuki."

Nikalipa. Baba akatikisa kichwa njia nzima. "Mfrisia mzima anatoa mia sita na tisini, na ya mia mbili ipo! Bibi yako angezimia."

Mimi moyoni nasema, mzee, kesho nakupata.

Ijumaa alfajiri nikajichimbia kwenye matete kando ya mfereji, magoti kwenye theluji, nikivizia. Baba akaja na keekee yake. Akatoboa, akainama, akapima. Halafu akaanza kutabasamu peke yake! Sikuamini. Nikainua kamera taratibu, nikagusa kitufe.

Mbele ya kamera ikawaka taa ndogo ya rangi ya chungwa. Jamani! Kumbe ile mashine kukiwa na giza inawasha taa ili ione vizuri. Kelele haina, lakini inakumulika.

Baba akageuka. Hukumu.

"Hiske, unafanya nini humo?"

"Naangalia bata."

"Bata wako upande wa pili, mwanangu."

Nikatoka na magoti yaliyolowa.

Saa tano wanachama wakawa wanasimamisha hema la supu ya njegere kwa ajili ya kesho, siku ya kuteleza. Baba kaingia humo kuonja, nikamsikia anasimulia kisa cha mchungaji aliyezama mpaka kiunoni akiwa na viatu vipya. Watu wanakufa kwa kicheko, na sauti ya baba ndiyo kubwa kuliko zote. Nikasema hapa hapa! Nikachomoka kwenye baridi, nikavamia hema, nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza.

Nikaangalia picha. Ukungu mtupu.

Mimi navaa miwani tangu darasa la tatu. Kila majira ya baridi nikiingia ndani inapata ukungu, navua, nafuta, naendelea na maisha. Ila akili yangu haikuwahi kufikiria kwamba lenzi nayo ni kioo. Nikatoa skafu nikaanza kuifuta, huku mama yangu, Trynke, akikoroga sufuria na kunitazama.

"Mia sita na tisini?" akauliza.

"Mama, usianze."

"Sijasema kitu. Nauliza tu kama ukungu ulikuwa kwenye bei."

Nikatoka nje ikauke. Nilipoiwasha tena, betri iliyokuwa imejaa ilikuwa imekata kabisa. Baridi imeinyonya. Nikaitikisa kuelekea mbinguni kama mtu anayegombana na Mungu.

Nikampigia Auke simu.

"Ile taa inazimwa, dada, iko kwenye menyu. Na betri usiiache kwenye baridi, iweke kwapani mpaka unapotaka kupiga."

"Na ile ya zamani ingezimika hivi?"

"Ile? Ingekaa siku nzima."

"Basi naileta hii tubadilishane."

"Umechelewa. Imeshanunuliwa." Halafu akacheka, sikuelewa anacheka nini.

Jioni Boukje akanitumia ujumbe. Ilikuwa picha ya pasipoti ya baba, tayari kwenye fremu. Chini ameandika: "Kwa tahadhari."

Nikalia. Mtu mzima, jikoni kwangu, nikalia kwa sababu ya fremu.

Jumamosi, saa mbili na nusu, jua ndio linachomoza. Betri iko kwapani. Taa nimeizima. Napita ukingoni mwa mfereji, na ndipo nikamwona pale katikati, kifudifudi.

 Nikaruka juu ya barafu, nikakimbia hatua tatu.

Halafu nikasikia: klak!

Nikasimama.

Klak! Klak!

Mzee alikuwa hai kabisa. Mbele ya pua yake kulikuwa na kamera nyeusi, nene, na lenzi yake imeelekezwa chini kwenye barafu. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kitufe, betri inaniponyoka kama sabuni.

"Usikanyage hapo!" akapaza sauti. "Pita kushoto. Njoo ulale hapa, uone!"

"Nione nini?"

"Mapovu! Yameganda yakiwa yanapanda, yamejipanga kama sarafu. Miaka thelathini na moja napima hii barafu, leo ndio nimeitazama!"

Akajiinua kwenye viwiko. Theluji imejaa kwenye nyusi, kofia imeenda upande. Akanielekezea kamera, klak, akaishusha kutazama alichopata, kisha akaniinulia macho akicheka meno yote nje. Nilikuwa sijawahi kukiona kicheko kile kupitia lenzi.

Nikapiga. Nikapiga tena. Picha kumi na moja, betri ikakata.

Wala hakugundua.

Nikalala pembeni yake, tumbo kwenye barafu. "Baba, hiyo si ile ya Auke?"

"Ndiyo. Nilirudi Alhamisi jioni."

"Ya nini sasa?"

Akafuta theluji kwenye kamera kwa kidole gumba.

"Tulipotoka dukani nilikwenda kutazama albamu. Una picha zangu mimi, mama yako, mume wako, watoto, mpaka mbwa wa jirani. Yako ya mwisho niliyoiona ni ya harusi yako. Tangu hapo humo ndani hakuna Hiske. Nikasema, huyu mtoto nitampiga mimi."

 Machozi yalinitoka, na kwa baridi ile yanauma.

"Usilie, yataganda. Hebu ona za jana."

Akanionyesha. Mimi kwenye matete, kichwa ndani, makalio juu. Mimi hemani nafuta lenzi kwa skafu huku mama kashika mwiko. Mimi nje, natikisa kamera, mdomo wazi.

Siku nzima nilikuwa namvizia, kumbe naviziwa!

"Mbona sikusikia hiyo kelele?"

"Ulivaa kofia tatu, mwanangu. Na ulikuwa bize na bata."

Saa nne alisimama ukingoni, akasema "Haya, ingieni" kwa mara ya mwisho, na kijiji kizima kikaingia.

Jioni Boukje alitoa picha ya pasipoti kwenye fremu mwenyewe, akaweka yangu. Aliguna tu kwamba wenzake saba wote wameshika vifaa vya kupimia, huyu kashika kamera. Halafu baba akaomba msumari mmoja zaidi. Nikajua nimekwisha.

Kwa hiyo mkifika kwetu leo, ukutani mtakuta wasimamizi wanane wa barafu, na pembeni yao makalio yangu kwenye matete.

Watu wananiandikia sana, eti ninunue ipi, ya zamani au mpya? Ndugu zangu, ya zamani betri yake ni ngumu, mpya ni nyepesi na haina kelele. Zote zinapiga picha. Chukueni mtakayoimudu.

Mimi nimejifunza jingine. Ukimwinda mtu, utapata sura ya mtu anayewindwa. Baba hakunichekea kwa sababu nilikuwa na mashine nzuri. Alicheka kwa sababu alikuwa ananitazama.

Na wewe unayesoma, fungua simu yako sasa hivi, pitia picha za nyumbani kwenu. Kuna mtu mmoja hayumo. Huyo ndiye aliyezipiga zote. Mwambie akae, umpige na yeye.